Sekunde Mbili za Spika

Ofisini tulimwita Spika, ingawa hakuwa na bunge la kuongoza. Alikuwa mwandishi wa programu, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, na jina hilo lilitokana na kazi aliyokabidhiwa. Katika programu yetu ya kupigia simu, yeye ndiye aliyeshughulikia sauti pale mtu anapoitoa sikioni na kuiweka kwenye spika au hedifoni, mazungumzo yakiwa bado yanaendelea. Mimi nilikaa meza ya jirani. Kazi yangu ni kujaribu programu za wenzangu mpaka ziharibike, kwa hiyo pale sina marafiki wengi.

Spika alinivumilia. Tena ubovu ninaousimulia hapa aliniletea mwenyewe, jambo ambalo sijaliona kwa mwingine. Hao wengine ukiwaonyesha kosa lao wanakuuliza simu yako uliinunua wapi.

"Mtu akibonyeza spika," aliniambia, "upande wa pili hausikii kitu kwa sekunde mbili."

Nikaenda ngazini na simu, nikahesabu kwa sauti, nikabonyeza spika nilipofika tatu. Mezani kwake alisikia moja, mbili, tatu, sita. Tulirudia mpaka mfagiaji akaniuliza kama najiandaa kwa mtihani wa darasa la kwanza. Nne na tano hazikufika hata mara moja.

Bosi alicheka. "Sekunde mbili tu? Nani amelalamika?"

"Mimi," akasema Spika.

Bosi akampa kazi nyingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda hiki mimi nilikuwa nakiona kila wiki.

Kila Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, Spika alimpigia mama yake kwa programu yetu hiyo hiyo. Kwao ni mbali, na alikuwa hajakanyaga huko kwa miaka minne. Kila mwaka alisema mwakani. Mama alianza na simu sikioni, akamwaga habari zake zote. Kisha alibonyeza spika ili baba naye aongee. Mzee alikuwa amepata kiharusi karibu miaka miwili nyuma, na pumzi yake ilitosha sentensi moja tu. Aliisema palepale alipoona kidole cha mkewe kinagusa simu, kisha akachoka. Sentensi yote ilimezwa na zile sekunde mbili.

"Kasemaje, Mama?"

"Baba yako anakusalimia."

"Shikamoo, Baba. Mimi mzima, usiwe na wasiwasi."

Siku moja alimsihi mama yake amwambie mzee asubiri kidogo kabla ya kusema.

"Subira ataitoa wapi, mwanangu? Neno likimjia analisema hapo hapo, lisije likamtoroka."

"Basi weka spika tangu mwanzo."

"Ili mtaa mzima ujue mambo yangu?"

Mimi nilikuwa nakula, nikijifanya sisikii, ingawa sauti ya mama ilivuja mpaka mezani kwangu. Mama akishakata, Spika alibaki na simu sikioni muda mrefu. Aliniambia zamani baba yake alikuwa na sauti nene, akimwita yeye kutoka uani, majirani watatu waliitika. Sijawahi kuona mtu akitamani kitu kama yeye alivyoitamani sauti ile.

Akaanza kuitengeneza programu kwa muda wa kuibia. Kosa lilikuwa hili: programu ilifunga kwanza njia ya zamani ya sauti, ndipo ikahangaika kufungua mpya, na katikati hapo maikrofoni ilikuwa kama haipo. Akaigeuza, ifungue mpya kwanza, na ikishaona sauti inapita ndipo ifunge ya zamani. Kusema ni rahisi. Ilimchukua wiki tatu, na mimi niliiharibu mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili nilihesabu ngazini mpaka kumi, zikafika zote, na mfagiaji akanipigia makofi kwa kufaulu.

Alhamisi iliyofuata, simu ya mama ikiwa na programu mpya, Spika aliweka yake juu ya meza ili sote wawili tusikie. "Kaa hapa," akaniambia. "Nataka shahidi."

Mama alimaliza habari zake, akabonyeza. Sauti ya mzee ikaja, nyembamba lakini nzima.

"Mwanangu, umefika wapi?"

Papo hapo mama akadakia, "Baba yako anakusalimia."

Niliacha kutafuna. Swali hilo huulizwa mtu aliye njiani, aliyekwisha kuaga alikotoka. Kumbe mzee alikuwa akiliuliza kila Alhamisi kwa karibu miaka miwili, na kila Alhamisi alijibiwa shikamoo, mimi mzima.

"Nimemsikia, Mama," Spika akasema.

Mama akashusha sauti. "Ningefanyaje, mwanangu? Nikimwambia uko njiani, ndipo anapokula."

Spika alikuwa analia na hakujificha. Akaisogeza simu karibu na mdomo, akaongea polepole ili mzee asipoteze neno.

"Ndiyo kwanza natoka, Baba."

Kisha akahamisha sauti kwenye hedifoni bila kukata simu, akainuka, akaenda kwa bosi kuomba likizo, bado akiongea na baba yake.