Dhiraa Moja ya Uzi

Mke wangu aliitwa Somoe. Mimi nilimwita Mama Farida, kwa mtoto wetu mmoja aliyebaki. Tulikaa miaka arobaini na sita hapa Msimbati. Mimi Myao, nilikuja pwani kijana kupalilia mikorosho ya watu. Yeye kwao ni hapa hapa. Shule sikusoma. Herufi alinifundisha yeye, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni.

Alikuwa mtu wa kazi. Alilima mihogo, aliokota korosho, bamvua likija, maji yakikauka mbali, alikwenda miambani kuchokoa pweza. Mchezo hakuwa nao. Ndiyo maana watu walishangaa alipoanza kurusha tiara. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Ilianza kwa Mwalimu Felista. Huyu alikuwa anafundisha shule yetu ya msingi. Mngoni wa Songea, na Wangoni na sisi Wayao ni watani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliniita mtani, na mimi nikamwita hivyo. Mumewe, Fredi, yuko bandarini Mtwara mjini. Baharia mmoja alimpa Fredi tiara, Fredi akampa mkewe. Si tiara tulizozijua sisi, za karatasi na njiti za makuti. Hii ya kitambaa, nyekundu, ina mabawa kama ya mwewe. Na ina nyuzi mbili. Kila mkono unashika uzi wake. Ukivuta wa kulia inakwenda kulia, wa kushoto inakwenda kushoto. Inapiga mbizi, unasema imekufa, inafika karibu na mchanga inanyanyuka.

Mama Farida alikuwa anapita na ndoo yake ya pweza. Akaitua ndoo.

Alinisimulia mwenyewe aliporudi. Alimwambia mwalimu, "Hiyo inashikwa na mwanamke?"

"Kwani mimi unaniona dume, Bibi?"

"Wewe Mngoni. Sijui mambo yenu."

"Njoo basi nikuonyeshe mambo yetu."

Akashika. Ikaanguka. Akashika tena. Aliporudi nyumbani pweza wameanza kunuka, na yeye anacheka peke yake jikoni. Akaniambia alipokuwa mdogo kaka zake walikuwa na tiara, yeye aliruhusiwa kukata njiti tu. Kurusha, hapana. Mambo hayo hakuwahi kuniambia miaka yote ile.

Ikawa kila Jumamosi. Mwalimu alimfundisha. Mikono kaa nayo kiunoni, usiinyanyue kama unaomba mvua. Iweke sawasawa, tiara itapanda moja kwa moja. Rudi nyuma hatua mbili upepo ushike. Aliyarudia hayo nyumbani akipepeta mchele, na ungo mkononi.

Siku moja mwalimu hakuja, alituma tiara tu. Mama Farida akaniambia, "Baba Farida, twende ukanishikie. Unasimama nayo tu, mimi nikisema achia, unaachia."

"Nishike tiara mimi? Mtu mwenye wajukuu?"

"Mimi sina wajukuu?"

Sikwenda. Alikwenda peke yake, akajifunza kuiegemeza mchangani, mkia chini, na kuivuta ijinyanyue. Nilimwona nikiwa kwenye mivinje. Alikuwa hajui kama nipo. Tiara ilipanda juu, akaizungusha mara moja, akaishusha taratibu mpaka ikagusa maji, akainyanyua. Nilirudi nyumbani bila kusema kitu. Ningeweza kusema kitu.

Mwaka jana mwezi wa saba mwalimu akahamishwa, akapelekwa mjini, shule moja ya huko Chikongola. Tiara akaiacha. "Bibi, nikija likizo Desemba nikukute unaandika jina lako angani."

Wiki ile ile kicheche aliingia bandani, akaua kuku watatu. Mlango wa banda ulikuwa umekatika bawaba. Nilitafuta kamba ambayo mvua haiozeshi. Sikuiona. Nikauona uzi wa tiara umezungushwa kwenye kipande cha mti. Mwembamba, mgumu, hatua arobaini kila mmoja. Nikajiambia, dhiraa moja tu, uzi mrefu namna hii, utapungukiwa nini? Nikakata kwenye ule wa kushoto, upande wa kishikio, nikafunga kishikio tena kwa fundo lile lile. Mafundo nayajua. Huwezi kuona kama pamekatwa.

Nilijua tiara ya uzi mmoja. Ile ukiukata unakuwa mfupi, basi. Haidhuru kitu.

Mlango wa banda ukakaa vizuri.

Jumamosi alikwenda ufukweni. Tiara ilinyanyuka ikageuka kushoto, ikazunguka, ikajipigiza mchangani. Akairusha tena. Kushoto, ikazunguka, chini. Wanawake wa pweza walikuwapo. Bakari naye alikuwapo, jirani yangu, mdomo wake haujui kupumzika.

"Mama Farida! Hiyo ni tiara au unachezesha pia?"

Watu wakacheka. Na yeye alicheka, siku ile. Jumamosi ya pili hakucheka. Ya tatu alirudi na mchanga mpaka kwenye ushungi, akakaa barazani akaitazama mikono yake.

Jina la Mama Pia, kwa ile pia ya watoto inayozunguka, likamkaa. Dukani Mama Pia, kisimani Mama Pia. Na mimi huko msikitini wananiuliza, "Pia haijambo?"

Mwezi wa nane Mwalimu Felista alipiga simu. Mama Farida alikuwa hasikii vizuri sikio moja, simu aliiweka sauti kubwa. Mimi nilikuwa pale pale, namenya mihogo.

"Bibi, inazunguka upande mmoja kila siku?"

"Kila siku kushoto."

"Nyuzi ziko sawa? Zikipishana hata shubiri moja, itazunguka upande wa ule mfupi. Hata mimi nisingeiweza."

"Ziko sawa, mwanangu. Ni zile zile ulizoniachia. Nani wa kuzigusa?"

Nilikuwa na kisu mkononi na mhogo. Nikaendelea kumenya.

Watu watauliza kwa nini nilinyamaza. Kwanza, aibu. Halafu, nisiseme uongo, nilikuwa nimechoka na ile Mama Pia. Nilitaka aache, akae nyumbani, watu watusahau. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho ikawa msimu wa korosho, tukawa tunaokota toka asubuhi, na yeye tiara alikuwa ameshaifunga kwenye kanga akaiweka juu ya kabati.

Na kila asubuhi alikuwa yeye anafungua banda la kuku. Alifungua fundo langu, akaachia kuku, akafunga. Siku zote zile.

Desemba mwalimu alikuja. Akasema, "Twende, Bibi, tukaiangalie pamoja." Akakataa. Alisema magoti yanamuuma. Magoti yalikuwa hayamuumi.

Februari presha ilimwangusha shambani. Alikaa siku sita. Siku ya nne nilikuwa namnywesha uji, kikombe hakishikiki, nikamshikia mimi. Akasema, "Mikono hii imekwisha, Baba Farida. Nilijua toka tiara iliponikataa."

Nilikuwa na nafasi. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Nikasema, "Kunywa uji."

Tulimzika Ijumaa.

Felista alikuja msibani na Fredi. Kwetu mtani ana ruhusa yake msibani. Anamwigiza marehemu, anachekesha wafiwa, hakuna wa kumkasirikia. Alijifunga kanga ya Mama Farida, akachukua kijiko huku na kijiko huku, akaweka mikono kiunoni, akarudi nyuma hatua mbili. Halafu akaanza kuzunguka. Kushoto, kushoto, kushoto, akajibwaga uani chali, miguu juu.

"Bakari!" akaita pale chini. "Hii ni tiara au pia?"

Watu walicheka mpaka wakalia. Farida, mwanangu, alicheka ameshika ukuta. Mimi nilijifunika kanzu usoni. Wakadhani ni machungu ya msiba. Utani ule haukuwa na kosa. Ila alichoigiza ni kazi yangu mimi, na wameizika kwa jina lake.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, ndugu waligawana vitu vyake. Kanga, sufuria, kitanda cha kamba. Wakafika juu ya kabati. "Na hiki?"

"Hicho kiacheni," nikasema.

Juni nikampigia Felista. Nikamwambia, mtani, njoo Jumamosi. Akaja na basi la asubuhi. Nilimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku. Nikamwonyesha mlango.

Aliutazama uzi. Hakuelewa. Halafu akaelewa. Akakaa kwenye kinu.

"Ulikata lini?"

"Ulipohama."

"Na siku ile nilipopiga simu ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

Kuku wanapita miguuni. Nilitaka anitukane. Mtu akitukana unajua umefika wapi.

"Bibi alinipigia tena mwezi wa tisa," akasema. "Akaniuliza kama kuna tiara za watu wazee. Nyepesi zaidi." Akafuta uso kwa kiganja. Halafu akasimama, akavaa ule uso wake wa utani, lakini sauti ilikuwa haijafika. "Mtani, umekosa, na mimi ndiye wa kukutoza. Sitaki kuku wako. Faini yako ni hii: tiara utairusha wewe. Pale pale. Na watu wakiwapo."

Nikaufungua ule uzi mlangoni. Umekaa karibu mwaka mzima, mvua na jua, haukuoza. Nikataka kuuunga mahali pake.

"Si ukate na ule wa kulia tu zilingane? Ni kisu mara moja."

Kisu mara moja. Hilo sikuwahi kulifikiria. Mwezi ule wa nane kisu kilikuwa mkononi mwangu.

"Wa kwake sikati tena," nikasema.

Nikaunga. Fundo lilikula kidogo, nikaongeza kutoka kwenye kishikio, tukachomeka vigingi chini, tukazivuta nyuzi zote mbili mpaka mwisho, zikawa sawa.

Ufukweni walikuwapo wanawake wa pweza, na Bakari na baiskeli yake. Felista aliishika tiara. "Mikono kiunoni, mtani. Nikiachia, rudi nyuma."

Akaachia. Ikapanda. Nikashtuka, nikavuta, ikageuka kulia, ikazunguka, chini.

"Nyuzi ziko sawa," akasema Felista. "Hiyo sasa ni mikono yako."

Bakari alishaanza. "Jamani! Pia imerudi! Mzee Nassoro kairithi!"

Watu wakacheka. Nikaviweka vishikio chini. Nikasema, "Bakari, hiyo ya leo ni yangu. Ile ya mwaka jana pia ilikuwa yangu."

"Una maana gani?"

"Nilikata uzi wake. Dhiraa moja, kufungia banda. Yule mwanamke alikuwa anajua kurusha. Hakuna mtu angeiweza tiara ile, si yeye, si mwalimu. Nilijua, nikanyamaza, na nyinyi mkamwita Mama Pia mpaka kaburini."

Kicheko kilikwisha. Mama mmoja akasema, "Laa ilaha illallah." Bakari aliitazama baiskeli yake.

"Alijua?" akauliza.

"Hakujua. Alikufa anasema mikono yake imekwisha."

Akaisukuma baiskeli akaenda zake. Lakini jioni alikuja barazani kwangu, akakaa, na alipoondoka alisema, "Mama Farida alikuwa fundi." Hakusema Mama Pia, na tangu siku ile sijamsikia mtu akilisema.

Siku ile ile, kabla mwalimu hajaondoka, nilijaribu mara nyingi. Mara ya nane au ya tisa ikapanda moja kwa moja. Mikono sawasawa, nyuzi zinalia kama zina mbu ndani. Nilisema, kwa sauti, "Mama Farida, haikuwa mikono yako." Nilisema tena. Upepo ulikuwa mkali, hata Felista aliyekuwa karibu hakusikia.

Sasa mlango wa banda nimeufunga kwa waya. Felista ana kazi yake mjini, Farida yuko Kitaya kwa mumewe. Jumamosi nakwenda peke yangu. Hakuna wa kunishikia. Naiegemeza mchangani, mkia chini, pale alipokuwa anaiegemeza yeye, narudi nyuma hatua mbili, navuta. Mara nyingi inaanguka, natembea hatua arobaini kuisimamisha, narudi hatua arobaini.

Yeye alizitembea hatua hizo, na mimi niko kwenye mivinje namtazama.