Bibi Anangoja Kilele cha Tatu

Usiku ule nililala nimenuna. Kukicha mimi na mama tulikuwa tuvuke milima kwa miguu, vilele vinne kwa siku moja, hadi kijiji alikozaliwa, upande wa pili wa Upare. Lakini mama, na magoti yake yale mabovu, alikuwa amefunga mzigo wa chumvi, sukari na vitenge vya kutosha harusi nzima. Nikasema nitaubeba mimi. Akasema binti anayerudi kwao hubeba zawadi kwa kichwa chake mwenyewe, mkono mtupu haulambwi. Nikamwambia basi hatuendi. Sote tulijua kwamba mwakani magoti hayatamruhusu tena, na bado kila mmoja akashika lake.

Usingizini nikajikuta kilele cha kwanza, pekupeku. Mbele yangu anapanda mwanamke mfupi aliyejifunga kaniki. Nilimtambua kwa mwendo: Bibi, mama yake mama, aliyefariki nikiwa darasa la pili. Mkono wake mmoja umeinuliwa kichwani kama anayeshika mzigo, ila kichwani hamna kitu. Nikatamani kujua anashika nini. Nikamfuata.

Mimi hupanda milima na wenzangu wa mjini, tuna viatu vya maana na fimbo za kukunja, lakini kikongwe yule aliniacha nahema. Nafika kilele cha pili, kumbe ni jikoni kwake: mafiga, moshi, harufu ya tangawizi. Nainama kuchungulia chungu, na ninapoinua uso ukungu umetanda, tuko kilele cha tatu. Bibi amekaa juu ya jiwe. Ameupa mgongo mlima uliobaki, anaitazama njia tuliyotoka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mbona umekaa? Kimebaki kimoja tu."

"Namngoja mama yako."

Nikamuuliza kile kilichokuwa kikinikereketa tangu mwanzo: pale kichwani anashika nini? Anaushusha mkono, anautazama, anaucheka.

"Mazoea," anasema. "Nilimtwisha mwanangu mizigo tangu hajang'oa meno ya utoto. Kila akipita hapa alikuwa anatazama miguu yake tu. Mwambie safari hii asibebe kitu. Aje aione milima."

Nilikuwa na maswali mengine tele. Kule aliko kukoje? Kuna baridi? Ananijua vipi, na aliniacha mtoto? Nikafungua mdomo, na ukungu ukaingia kati yetu.

Niliamka, nikaenda kumtafuta mama. Mama alikuwa jikoni anachochea moto. Nikamsimulia yote, hata kumwamkia nilisahau. Akauliza jambo moja.

"Kichwani hakuwa na kitu kweli?"

"Hakuna kitu, Mama."

Akakaa chini. "Mimi sijawahi kumwona hivyo," akasema. "Hata siku moja."

Akalia, nami nikalia. Alipomaliza akaufungua ule mzigo, akapanga sukari na chumvi mezani, vitenge akavirudisha sandukuni. Akasimama akiitazama mikono yake, hajui aiweke wapi.

"Niletee viatu," akasema. "Tukichelewa atachoka kungoja."