Kitanda Kisicho na Mwenyewe

"Tovuti zangu hazipotezi mtu! Menyu haibanduki, kama mkwe aliyekuja kulala siku mbili!"

Maneno hayo binamu yangu aliyasema kwenye maikrofoni, siku ya harusi yake, wakwe wakiwa meza ya mbele. Mama mkwe aliweka kijiko chini.

Tangu hapo tunamwita Fremu, maana tovuti zake zote anazijenga kwa fremu. Anakikata kioo cha kompyuta vipande vitatu, kila kipande ukurasa wake: juu jina la duka, kushoto menyu na namba ya simu, kulia bidhaa. Ukibonyeza, kinabadilika cha kulia tu. Alifundishwa hivyo zamani, na Fremu akishashiba elimu haongezi hata tonge.

Kisha mdogo wa kike wa mkewe naye akajifunza kazi hiyohiyo, kwenye simu, huku akichambua maharage. Kurasa zake hazina mbwembwe. Kila mmoja una jina na namba, unauteremsha kwa kidole basi. Wateja wakamfuata yeye. Fremu akawa hali wala hanywi.

"Ile si tovuti, ni utepe wa cherehani," alikuwa akisema. Lakini kuchungulia hakuachi.

"Dada," shemeji huyo akamwambia mke wa Fremu, "tovuti yangu ina mgeni mmoja mwaminifu. Anaingia kila siku, hanunui kitu."

Mke akamtazama mumewe, akacheka mpaka akatafuta kitambaa.

Fremu alikuwa amebakiwa na mteja mmoja, seremala, na huyo alimshika kama kipini. Seremala naye alikuwa na malalamiko. Kwenye simu, vile vipande vitatu vilibanana hadi kabati likawa kama njiti ya kiberiti. Akimtumia mtu anwani ya ukurasa wa kitanda, mtu anafikia ukurasa wa mwanzo.

"Na nikichapisha, inatoka menyu tupu!"

"Si ndiyo yenye namba yako, mzee?" Fremu akamjibu.

Siku moja mkokoteni ukapita mbele ya karakana ya seremala. Umebeba kitanda chenye ndege wawili waliochongwa ubaoni, mchoro wake mwenyewe, ila hakukitengeneza yeye. Akamsimamisha mwenye nacho.

"Picha niliikuta mtandaoni," yule mama akasema. "Nilitafuta kitanda, kikaja peke yake. Hakina jina, hakina simu, kama mtoto aliyeokotwa. Nikampelekea picha fundi wa ng'ambo ya barabara. Yeye namba yake iko kila mahali."

Mtambo wa kutafuta mtandaoni ulikuwa umekichukua kipande cha kulia, ukaviacha vyenye jina na simu. Na tovuti ya fundi wa ng'ambo, nani kaitengeneza? Shemeji.

Seremala akaja nyumbani kwa Fremu na vumbi la mbao kwenye nyusi. Shemeji alikuwepo, na sinia lake la maharage mapajani.

"Niwekee namba kila ukurasa, kijana. Leo hii. Nitabaki na wewe."

Kazi ya dakika chache. Fremu akafungua mdomo akubali, kisha jicho likamwangukia shemeji.

"Kama anavyofanya huyu?"

"Kama anavyofanya yeyote mwenye akili!"

"Basi mimi sifanyi."

"Shemeji, weka tu," binti akasema kwa upole. "Hata sitamwambia mtu."

Upole huo ndio uliomchoma. Angetukanwa, angeweka.

"Nimesema sifanyi!"

Seremala akamgeukia binti. "Mwanangu, wewe unaanza lini?"

"Nikimaliza maharage, baba."

Mke wa Fremu akaenda kumletea mgeni kiti, akakiweka upande wa dada yake.

Kwa hasira Fremu akaifuta tovuti ya seremala. Akafuta kipande cha juu, akafuta cha kushoto, akafunga kompyuta kwa kishindo. Vya kulia alivisahau.

Mpaka leo, ukitafuta kitanda mtandaoni, kinakuja kile chenye ndege wawili, peke yake, hakina duka wala simu. Fremu mwenyewe hukifungua akakitazama. Chini yake pameandikwa: futi tano kwa sita, mbao ngumu, laki nne na nusu.