Dakika ishirini na sita za Ugbad

Swala ya alfajiri imekwisha, na Ugbad Shuaib amepiga magoti tena, safari hii mbele ya piano. Anafungua ubao wa chini, anaingiza mkono hadi begani na kutoa bakuli la plastiki. Juzi aliliacha limejaa. Leo limebaki na maji ya kulowesha kidole.

"Imekunywa yote," anasema, akimimina mengine kutoka kwenye mtungi. "Garissa hii hata mbao zina kiu."

Bila bakuli hilo, hewa kavu ingepasua mbao za ndani na sauti zingepotoka. Shangazi yake Bishara, mwenye nyumba hii ya Bulla Iftin, hajalizoea jambo hilo mpaka leo.

"Mwaka wa ukame mbuzi wangu kumi na wawili walikufa Modogashe," anafoka kutoka uani. "Na huyu ananywesha sanduku!"

"Eeddo, shangazi yangu, sanduku hili angalau halijawahi kula nguo zako kwenye kamba."

Bishara anacheka bila kutaka.

Ugbad ana miaka thelathini na mmoja. Kutwa anauza maji kwenye kioski karibu na soko, akijaza mitungi ya lita ishirini kwa mshahara wa shilingi elfu kumi kwa mwezi. Alfajiri na jioni ni mpiga piano wa muziki wa kiklasiki. Hamjui mwingine mjini humu.

Alianza akiwa mtu mzima, na miaka ishirini. Shirika moja la misaada lilikuwa likifunga ofisi zake Dadaab, na piano ya wafanyakazi wake ikatupwa nje pamoja na viti vibovu. Mwalimu mstaafu wa muziki, Wako Molu, aliiomba, akaileta Garissa juu ya lori lililokuwa likirudi tupu. Akatangaza masomo ya jioni bila malipo. Walifika watu tisa. Baada ya mwezi alibaki Ugbad peke yake.

"Vidole vilikuwa vigumu kama vya mchonga mawe," Mwalimu Wako anakumbuka. "Nikamwambia, binti, umechelewa. Akanijibu, Mwalimu, hata mvua ya hapa huchelewa, lakini hatuifukuzi."

Macho ya mzee yalipofifia, piano ilihamia kwa mwanafunzi wake. Wapo majirani wanaosema hiyo si kazi ya binti wa Kiislamu. Ugbad habishani nao. Huwauzia maji, huwasalimu, hurudi kwenye mazoezi.

Miaka mitatu iliyopita alipanda basi la Nairobi kwenda kufanya mtihani wa daraja la nane, la mwisho. Kwenye kizuizi cha polisi abiria walishushwa, vitambulisho mkononi, kama anavyoshushwa kila anayetoka upande huu kwenda katika nchi yake mwenyewe. Askari alifungua begi lake na kukuta karatasi za nota.

"Hizi alama ni za nini? Ramani?"

"Ni muziki, afande."

"Muziki usio na maneno? Haya, imba."

Akaimba, kando ya barabara, watu wakimtazama.

"Nilimwimbia mkono wa kushoto tu," anasema. "Wa kulia, wenye wimbo wenyewe, nilimnyima."

Aliachiliwa saa tisa alasiri. Mtahini alikuwa amekwenda zake. Ada ya shilingi elfu ishirini na mbili haikurudishwa, na hakuna aliyemwomba radhi. Alijikusanya mwaka mzima, akaenda tena, akafaulu kwa alama za juu. Lakini safari hiyo begi lilikuwa na nguo tu. Tangu siku ile habebi karatasi. Vipande vyote huvikariri, kwa subira anayosema aliipata duksi, chuo cha Kurani, kwa Maalim wake, akiwa mdogo.

Mwaka huu waandaaji wa tamasha moja jijini Nairobi walitaka rekodi zisizo na majina, ili wachague kwa masikio peke yake. Ugbad alituma sonata ya sehemu tatu, dakika ishirini na sita. Walichaguliwa watano, naye akiwemo. Kisha majina yakafunguliwa, na simu ikapigwa.

"Dada, tumekupangia dakika nne," mwandaaji alimwambia. "Kitu cha asili, cha kikwenu. Halafu uje na kibuyu cha maziwa ya ngamia, picha zitoke vizuri. Wewe ni hadithi nzuri sana."

"Si mlichagua sonata?"

"Ndiyo, lakini wakati ule hatukujua ni wewe."

Maneno hayo yangemwaibisha aliyeyasema, kama angejisikia. Wenzake wanne, wote wa Nairobi, wameachiwa muda wao wote. Hakuna aliyeambiwa abebe sufuria ya nyumbani kwao.

"Mimi si hadithi," Ugbad anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti inapanda. "Nimefanya kazi miaka kumi na moja! Maziwa ya ngamia tunanunua sokoni, kwenye chupa ya soda. Nibebe chupa ya soda jukwaani?"

Tamasha ni Jumamosi hii. Ameswali istikhara siku tatu, akimwomba Mungu amwonyeshe kama ajitoe. Moyo umetulia: anakwenda. Tiketi ni ya Alhamisi, ili kizuizi kikitaka kumchelewesha kiwe na siku nzima ya kufanya hivyo.

Na bakuli, nani atalijaza?

"Mimi," Bishara anajibu kabla hajaulizwa. "Sijasema naipenda. Lakini ikipasuka atalia, na kilio chake ni kibaya kuliko hizo kelele."

Ugbad anarudisha ubao, anafuta vumbi kwenye vibonye kwa ncha ya shela, anaketi.

"Watanitangaza wanavyotaka," anasema. "Nikishakaa, naanza mwanzo wa sonata. Dakika ya nne itafika, itapita. Karatasi ya kuninyang'anya hawataiona. Wakitaka ninyamaze, wallahi, waje wanibebe pamoja na kiti."