Bawaba Kwenye Mkoba

"Mikono yangu si tupa, baba watoto! Miaka sita nalainisha vyuma kwa mkono, leo unachagua mashine ya kuringishia majirani?"

Mama Geti, fundi wa kuchomelea, aliyasema hayo dukani bila kumjali muuzaji. Hela yao ilitosha mashine moja tu ya msasa wa mkanda, na mumewe alikuwa ameikumbatia ile kubwa kama bwana harusi. Ndivyo alivyochagua na drili yao, kwa ukubwa. Ni nzito haiinuliki, sasa imegeuka meza ya kuwekea makopo ya rangi.

Mama Geti akatoa bawaba kwenye mkoba, akampa mumewe. "Hebu lainisha hii."

Mkanda mpana wa ile kubwa haukufika kwenye kona ya bawaba. Mashine ndogo, yenye mkanda mwembamba, ilifika hadi ndani.

"Na mikanda ya akiba?" Mama Geti akamuuliza muuzaji.

"Ya ndogo ipo," muuzaji akakiri. "Ya kubwa mpaka tuagize."

Mume akaibeba ndogo. Mlangoni akasimama. "Mama watoto, ile drili ulinikataza. Nilikosea."

Neno hilo lilikuwa deni la miaka minne. Mama Geti akavitazama viganja vyake mwenyewe vyenye sugu.

"Yameisha. Shika vizuri, usiiangushe."