Jumba la Upepo Lilipolala

Idi Pili tulitoka Mtoni, mie, mume wangu na mama mkwe, tukampeleka binti yetu wa miaka miwili kwenye bustani ya michezo. Alililia jumba la kurukia, lile la plastiki linalojazwa upepo kwa mashine. Nikamvua viatu, nikamwingiza.

Mara umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza na jumba likaanza kulala, kuta zikiwaangukia watoto. Wakubwa walitoka mbio wakipiga kelele. Wangu sikumwona.

"Mtoto wangu yumo humo!"

Mume wangu akatambaa ndani, akiinua plastiki kwa mgongo. Mie nikawa napapasa kwa nje, kila penye uvimbe nikidhani ni yeye.

"Acha kulia, mwanangu," mama mkwe akaniambia. "Muite, akusikie."

Nikamwita. Ndipo nikasikia kilio chake, karibu kabisa na mguu wangu. Nikamwelekeza baba yake, akamtoa akiwa amelowa jasho, mzima.

Nilimkumbatia mpaka akanisukuma. Akalinyooshea kidole lile jumba lililolala, akasema, "Tena."

Mama mkwe ndiye aliyemvalisha viatu. Mie nilikuwa bado nimemshikilia.