Msio Ndani ya Kabati la Kioo

Mie nimesoma skuli ya jioni, na sioni haya kulisema. Nilipofanya mtihani wa sekondari masharubu yangu yalikuwa na mvi, na darasani kwetu aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na wajukuu wawili. Katika masomo yote, jiografia ndiyo iliyonipenda. Swali la mawe nililijibu kwa kurasa nyingi hata msimamizi akaniletea karatasi za ziada mara tatu, na mara ya nne akaniuliza kama nimekula. Tangu siku ile siwezi kupita penye makumbusho nikajizuia. Lazima niingie, nifunge mikono nyuma, nitikise kichwa kama profesa.

Jumatano moja ya baridi hii iliyopita nilimpeleka mama mjini Ibra. Sisi tunakaa Izki, hapa Omani, na Ibra kuna soko la wanawake kila Jumatano asubuhi. Wanawake ndio wauzaji na wanawake ndio wanunuzi, mwanamme hubaki nje na gari lake. Binti yangu alikuwa anaolewa wiki ya pili yake, na mama, mwenye miaka themanini na ushei na macho ya mwewe, alikuwa hamwamini mtu mwengine kumchagulia msandali.

Njiani nikafungua mdomo, kwa ujinga wangu.

"Mama, kadi ya shangazi nani ataipeleka Sur?"

"Tia posta."

"Posta, mama? Dada yake baba?"

"Mwambie aje na msio wangu. Akija nao, mlango wazi. Hana, akae huko huko Sur, mtaani kwake Aija, ajisugue na ukuta."

Nikashika usukani kwa mikono miwili.

Msio ni lile jiwe la matumbawe ambalo wanawake wa Unguja husugulia kipande cha msandali kwa maji kidogo, upatikane ule uji wa manukato unaoitwa liwa, apakwe bwana harusi, apakwe zaidi bibi harusi. Msio wa mama ulitoka kwa mama yake. Bibi aliuleta Omani kutoka Unguja ndani ya sanduku la nguo, umefungwa kanga mbili, wakati watu wengine walileta dhahabu. Ulikuwa na bonde katikati kama kijiko, kwa mikono ya wanawake waliousugua tangu Nabii Nuhu hajashuka safinani, na kona moja imemeguka, kwa sababu bibi aliuangusha siku ya kuhama akalia kuliko alivyolilia nyumba.

Msio huo ulipotea miaka arobaini nyuma, siku moja tuliyokwenda matembezi kwenye wadi moja, yaani mto mkavu, ya Dima wa Tayyin, ukoo mzima. Shangazi alikuwapo. Jana yake alikuwa ameusifu msio ule na kuuomba, nusu kwa mzaha. Jioni ile akarudi kwake Sur na mabegi yake, na mama alipofungua kikapu cha liwa alichokwenda nacho, msio hamna. Mama akapiga hesabu yake, na hesabu ya mama haifutiki. Kuanzia hapo mawifi wawili wale, ambao zamani wakilala kitanda kimoja kwa kupiga soga, wakawa wanasalimiana misibani tu, kwa ncha za vidole.

Sasa mie ndiye ninayejua msio ulikwenda wapi.

Nilikuwa na miaka ishirini, leseni mpya, na pikapu ya baba isiyokuwa na breki ya mkono. Pikapu ile ukiiacha hata sebuleni ilikuwa inaondoka kutafuta mteremko. Kila nilipoegesha niliweka jiwe nyuma ya tairi. Siku hiyo mawe ya wadi yote yalikuwa ya mviringo kama mayai ya mbuni, yanateleza. Nikaona ndani ya kikapu cha mama jiwe zuri, zito, lenye makwaruzo ya kushika tairi. Nikajiambia, dakika mbili tu. Kisha wingu jeusi likakaa juu ya mlima, wazee wakapiga kelele kwamba wadi inakuja, yaani mafuriko, tukarukia magari kama panzi. Nilipokumbuka jiwe tulikuwa tumeshafika barabara ya lami, na maji nyuma yetu yanabeba mitende.

Ningesema siku ile ile, ingekuwa kofi moja na kicheko. Nikangoja kesho. Kesho mama alikuwa ameshampigia simu shangazi na maneno yameshasemwa ambayo hayarudi mdomoni. Nikangoja tena, na hivyo hivyo nikapata mvi.

Basi nikamteremsha mama sokoni. Akanambia, "Nipe saa moja na nusu, baba'angu, na usinipigie simu kama polisi." Nikaenda mtaa wa zamani wa nyumba za udongo kutafuta kivuli, na kwenye nyumba moja yenye mlango mzito hata nadhani ulikatwa kwanza ndipo nyumba ikajengwa nyuma yake, nikaona kibao kidogo: makumbusho ya mji na mawe.

Mwenyewe alinipokea kwa kahawa na tende kabla sijasema salamu ya pili. Alikuwa dereva wa lori la maji, sasa kastaafu. Miaka yote aliyopeleka maji vijijini alikuwa akirudi na lori tupu, na lori tupu, alinambia, ni dhambi. Akawa analijaza: milango iliyotupwa, mitungi, majambia yasiyo na ala, na mawe. Mawe, jamani! Vyumba vinne vya mawe. Kila moja lina kikaratasi alichokiandika kwa mkono, kwa wino wa kijani, na herufi nzuri za mtu aliyefundishwa Kurani na mwalimu mkali.

Nimeingia makumbusho makubwa ya mji mkuu, yenye baridi ya kugandisha samaki. Sijapata kuona kama pale. Alinionyesha bakuli la shaba lenye kitundu chini, walilokuwa wakigawia maji ya falaji, ule mfereji wa mashambani. Hulitia juu ya maji, maji yanaingia polepole, na likizama ndiyo zamu yako ya kumwagilia imekwisha, uwe umemaliza au mtende wako mmoja unalia kiu. Akalitia ndooni tukakaa wawili tunalitazama linazama kama watu wanaotazama mpira. Lilipozama nikataka kupiga makofi.

Akanipa jiwe zito la kijani cheusi. "Unalijua hili?"

Kifua kikajaa. "Hili ni la chini ya sakafu ya bahari," nikasema. "Lilizaliwa huko, ardhi ikalisukuma mpaka likapanda juu ya nchi kavu. Milima yetu ya Izki yote ndiyo hayo hayo."

Alinishika mkono kwa mikono miwili. Alisema toka afungue mlango ule, watu wote waliomjibu ni watatu, na mmoja alikuwa Mjerumani. Nilirefuka kwa shubiri nzima.

Akanionyesha vipande vya chokaa vyenye makombe ndani yake, makombe ya bahari yaliyookotwa juu ya mlima ambako mbuzi wenyewe hupumzika mara mbili kabla ya kufika. Nikapitisha kidole juu ya mistari ya kombe moja, nikasahau kabisa kujifanya profesa. Lilikuwa zuri kama limevuliwa jana.

"Sasa njoo uone bibi arusi wa nyumba hii," akasema.

Katikati ya chumba cha mwisho, peke yake, ndani ya kabati la kioo lenye taa yake, juu ya kitambaa cha mahameli, umekaa msio wa mama yangu.

Bonde kama kijiko. Kona imemeguka. Kikaratasi kilisema: Tumbawe la bahari ya kale. Limepatikana wadini, Dima wa Tayyin, na mchungaji wa mbuzi.

"Wanafunzi wakija, hili ndilo ninaloanza nalo," akanieleza, sauti imeshuka kama mtu aliye msikitini. "Tazama bonde hili. Mawimbi hayo. Mawimbi yamelisugua maelfu na maelfu ya miaka." Kisha akanionyesha baka jeusi pembeni. "Na hapa moto wa volkano umelipitia."

Lile baka, wallahi, lilikuwa tairi la nyuma la kulia la pikapu ya baba.

Nilikunywa kahawa vikombe vitano mfululizo bila kutikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, na yeye akaendelea kumimina kwa adabu. Ningeweza kutoka. Mzee angebaki na bahari yake, shangazi angebaki Aija na kadi ya posta, mie ningebaki na siri yangu, tumeshazoeana. Lakini nilikuwa nimeshaona shangazi yangu amekuwa mwizi miaka arobaini, na jiwe lenyewe lina taa yake na mahameli. Nikamwambia mwenye nyumba nakwenda kumleta mama.

Mama alikuja na mfuko wa msandali kwapani, analalamika kwamba mawe yamejaa njia nzima, ya nini kumaliza viatu kwenda kuyatazama. Alipokelewa kwa "ahlan ya ummi", karibu mama yangu, na kiti bora. Hakukaa. Alipita milango na majambia na bahari yote ya zamani kama anapita kituo cha petroli, akafika kabatini, akasimama.

"Fungua," akasema kwa Kiarabu.

"Ummi, hili halifunguliwi, ni la..."

"Fungua, mwanangu."

Akafungua. Mama aliweka kidole gumba katika lile bonde, kikalala pale kama kimerudi kitandani. Akafungua chupa ya marashi aliyonunua, akadondoa matone mawili, akatoa kipande cha msandali, akasugua. Mara tatu, nne, kwa mzunguko ule ule mdogo niliouona kwa bibi. Harufu ikapanda. Chumba kile cha mawe kikawa nyumba ya harusi. Mwenye makumbusho alisogea, akanusa, akatazama lile bonde, akatazama mkono wa mama, na nikamwona anaelewa. Mawimbi yake yakamtoka usoni moja moja.

Mama hakuwa anamtazama. Alikuwa ananitazama mie, na macho yamejaa.

"Umeona?" akasema kwa Kiswahili. "Umeona wifi yangu? Hata hakuutaka. Kaenda kuutupa wadini. Afadhali angeutumia!"

Nimeuleta ushahidi wa shangazi, na ushahidi umegeuka kumpiga.

"Si yeye, mama."

"Nani basi? Majini?"

"Mie. Niliuweka nyuma ya tairi."

Mwenye makumbusho hakujua Kiswahili hata neno moja, lakini alirudi nyuma hatua mbili.

"Tairi," mama akasema.

"La nyuma. La kulia. Pikapu ilikuwa haina breki, na wadi ilikuwa inakuja, na..."

"Msio wa mamangu, uliovuka bahari kwa kanga mbili, wewe umeutia chini ya tairi."

"Naam, mama."

"Na miaka yote hii unanisikia namtaja wifi yangu kwa jina la wizi, wewe unakula pilau."

Hilo hata skuli ya jioni haikunifundisha kulijibu. Alinipiga kofi la bega, mtu mwenye miaka sitini na cheti ukutani. Kisha akakaa kile kiti bora akafuta macho na ncha ya mtandio.

Ilibidi nimweleze yule mzee kwa Kiarabu, tairi na yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Niliogopa atalia, na mie nilikuwa tayari kulia naye. Akauliza swali moja tu:

"Na makombe ya mlimani?"

"Yale ni ya kweli, naapa. Bahari ilikuwapo."

"Alhamdulillahi," akasema, na rangi ikamrudia. Akaufunga msio ndani ya mahameli yake mwenyewe, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akasema ataurudisha wajukuu wote wakishaolewa. Mzee akauliza mdogo ana miaka mingapi. Mama akasema minne. Yule bwana akacheka mpaka kilemba kikamkaa upande, kisha akachukua kalamu yake ya wino wa kijani, akakigeuza kile kikaratasi na kuandika nyuma yake, akakiweka juu ya kabati tupu na taa akaiacha inawaka. Kiliandikwa: Limekwenda harusini.

Nimeona makumbusho mengi, nimesema. Hakuna kitu kilichowahi kunipendeza ndani ya kabati la kioo kama ile nafasi tupu.

Garini nikawasha moto nielekee Izki. Mama, msio mapajani, akasema, "Wapi huko? Sur."

"Leo, mama? Ni mbali, na chakula cha..."

"Geuza gari."

Tulifika Sur alasiri, tukapita daraja la Aija, tukasimama kwenye mlango wa shangazi, ambao mama hakuugonga tangu nilipokuwa na nywele. Shangazi akafungua mwenyewe, na mkongojo. Nikasema, "Shikamoo, shangazi," akaitikia "marahaba" bila kunitazama. Alikuwa anamtazama mama, kutoka mtandio mpaka viatu.

"Wifi," akasema. "Leo umekuja kutafuta nini? Sufuria?"

Mama akafunua mahameli. Shangazi akaliona jiwe, akaliona baka jeusi, akanitazama mie kwa mara ya kwanza, akafahamu kila kitu kabla sijafungua mdomo, maana aliwahi kupanda pikapu ile.

"Nimekuja kusaga liwa," mama akasema. "Harusi wiki ijayo, wifi, na mikono yangu peke yake haitoshi."

Shangazi alipitisha kidole katika bonde la msio muda wa bakuli zima la shaba kuzama. Kisha akasogea mlangoni ampe nafasi.

"Wewe uingie," akasema. "Huyu abaki nje na gari. Asije akaliegesha juu ya kitu changu."